Intaneti ya paa kwa paa: meshi ni kitu gani?

Wadau, kuna swali linarudi kila mara kwenye kafe: jirani ana laini nzuri ya intaneti, kwa nini mtaa mzima tusichangie bili tukagawana? Inawezekana, na njia mojawapo inaitwa meshi. Ngoja niieleze, maana kuna watu wanauziwa maneno matupu.

Kwenye waifai ya kawaida kila mashine inaongea na kisanduku kimoja. Kikizima, kwaheri. Kwenye meshi kila nyumba inaweka kisanduku na antena juu ya paa, na kila kisanduku kinapokea halafu kinampasia mwenzake. Aliye mbali anarushwa paa kwa paa mpaka aifikie laini. Paa moja likikatika umeme, data inatafuta njia nyingine yenyewe, mradi kuna jirani mwingine wa karibu.

Mfano wangu ni Roofnet ya Cambridge, Massachusetts, Marekani. Watafiti wa chuo cha MIT waliwapa wakazi vifaa wafunge wenyewe, bila kupanga sana nani akae wapi. Ripoti yao ya 2005 ilitaja visanduku 37, kasi ya wastani kilobiti 627 kwa sekunde, na njia ya wastani miruko mitatu. Leo utacheka, ila enzi zile kafe zetu nyingi zilikuwa zinaiota tu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Meraki mwaka 2006, na 2012 Cisco wakainunua kwa dola bilioni 1.2. Mambo ya mapaa hayo, jamani!

Sasa ubaya wake. Kisanduku chenye redio moja hakiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo megabiti 6 baada ya miruko miwili zinabaki 3 hivi, baada ya mitatu 2, tena hapo hakuna mti wala ghorofa katikati. Halafu wote mnagawana laini ile ile ya mwanzo. Meshi haizalishi intaneti, inaisambaza tu. Mwenye duka anayetegemea mtandao kwa biashara asikae zaidi ya miruko miwili, au anunue kisanduku cha redio mbili: moja ya majirani, nyingine ya wateja.

Na umeme je? Kule Mankosi, Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji walitumia sola, na sola hiyo hiyo ikawa inachaji simu za watu kwa malipo. Ushirika wao unaitwa Zenzeleni, ulisajiliwa 2014. Akili hiyo naipenda kuliko ya MIT.

Kabla hujapanda juu ya bati, soma mkataba wa laini yako, mingi inakataza kuuza tena. Na kuuza intaneti bila leseni ni kesi: kwa Tanzania waulize TCRA, kwa Kenya CA, ambao tangu 2021 wana leseni ya mitandao inayomilikiwa na wananchi wenyewe.

Kama mtaani kwenu mmeshajaribu, tuambieni hapo chini: visanduku vingapi, na bili mnagawanaje?