Pachinko na Uraia Uliofutwa kwa Waraka

Tamthilia ya Pachinko, iliyoanza kuoneshwa mwaka 2022 kutokana na riwaya ya Min Jin Lee, inafuata vizazi vinne vya familia ya Kikorea iliyohamia Japani. Wengi husifu uvumilivu wa Sunja. Mimi naitazama zaidi kama historia ya uraia.

Japani iliitwaa Korea mwaka 1910, na Wakorea wakafanywa raia wa himaya hiyo bila kuulizwa. Kwa hadhi hiyo walichimba makaa ya mawe na, vita vilipopamba moto, wakaandikishwa jeshini. Baada ya mwaka 1945 wengi walirejea kwao. Takribani 600,000 walibaki.

Tarehe 28 Aprili 1952, Mkataba wa San Francisco ulipoanza kutumika, uraia wao ulikoma. Bunge halikutunga sheria ya kuwavua uraia, wala hawakupewa fursa ya kuchagua. Ulitosha waraka wa idara ya serikali. Siku mbili baadaye ikatangazwa sheria ya kuwasaidia majeruhi wa vita. Wakorea waliojeruhiwa chini ya bendera ya Japani waliachwa nje.

Ndipo tunapomwelewa Mozasu, mwana wa Sunja. Ajira za serikali na za kampuni kubwa zilipofungwa, michezo ya pachinko ikawa mlango uliobaki wazi.

Dola iliwahesabu kuwa wake ilipohitaji jasho na damu, ikawaita wageni ilipofika zamu ya kulipa. Kila anayeandaa waraka ofisini akumbuke kwamba aya moja yaweza kuamua maisha ya wajukuu wa watu asiowajua.