Mahakama Inavyotathmini Maombi ya Ulezi wa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Ukuaji California

Katika jimbo la California, Marekani, mtu anapotimiza umri wa miaka 18 huhesabiwa kuwa mtu mzima mwenye haki ya kujiamulia, hata akiwa na ulemavu wa ukuaji kama vile usonji. Mzazi anayetaka kuendelea kumwamulia kisheria hana budi kuiomba mahakama ulezi wenye mipaka.

Kabla ya shauri kusikilizwa, hufanyika tathmini mbili. Kwanza, kituo cha kanda, kimojawapo kati ya 21 vinavyohudumia watu hao jimboni, humpima mhusika kwa ridhaa yake na kuwasilisha ripoti kuhusu aina na kiwango cha ulemavu. Pili, mchunguzi wa mahakama humhoji mhusika ana kwa ana, humweleza maana ya shauri na kumuuliza iwapo analipinga. Mhusika pia huwakilishwa na wakili.

Mamlaka yanayoweza kuombwa ni 7, nayo yanahusu makazi, kumbukumbu za siri, ndoa, mikataba, matibabu, mahusiano ya kijamii na ya kimapenzi, pamoja na elimu. Ripoti ya kituo haimfungi jaji, ambaye anaweza kutoa baadhi ya mamlaka hayo na kukataa mengine. Haki yoyote isiyoondolewa kwa amri ya mahakama hubaki mikononi mwa mhusika.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 inasisitiza njia mbadala zizingatiwe kwanza, ikiwemo maamuzi kwa msaada, ambapo mhusika huchagua washauri wake lakini uamuzi hubaki kuwa wake.