Kisafisha umeme hakiongezi utamu wa sauti palipo umeme safi

WAUZAJI wa vifaa vya kusafisha umeme hudai kwamba redio au kikuza sauti kikiunganishwa navyo hutoa sauti tamu zaidi. Kwa mkazi wa Kutulo, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Wajir kuelekea Elwak, dai hilo si dogo. Fedha za kununua kifaa kama hicho zingeweza kumpatia betri au paneli nyingine ya sola.

Ukweli ni kwamba kifaa hicho hakiongezi chochote kwenye sauti. Kazi yake ni kuondoa kasoro iliyoletwa na umeme. Pasipo na kasoro, hakina cha kuondoa.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Kikuza sauti hakiutumii jinsi ulivyo. Transfoma huupunguza, daiodi huugeuza kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja, nazo kapasita husawazisha mawimbi yanayosalia. Hivyo basi, chombo kilichoundwa vyema tayari kina kisafishaji chake ndani.

Hata hivyo, hali ya umeme katika eneo la Kaskazini Mashariki si moja. Garissa imeunganishwa na gridi ya taifa, na ina kituo cha sola cha megawati 50 kilichofunguliwa rasmi Desemba 2019. Miji ya Wajir na Mandera imetegemea kwa miaka mingi vituo vya jenereta za dizeli visivyounganishwa na gridi hiyo. Kwingineko, wengi hutumia sola au jenereta ndogo za nyumbani. Kila chanzo kina kasoro zake.

Kasoro ya kwanza ni volti kushuka. Zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya juu kabisa ya kikuza sauti cha kawaida hupungua kwa takriban asilimia 30. Kwa sikio, hiyo ni tofauti ya desibeli 1.6 tu, ambayo ni vigumu kuitambua. Madhara huonekana sauti inapofunguliwa sana, kwani huanza kukwaruza mapema. Hapo stebilaiza husaidia.

Ya pili hutokana na inveta za bei nafuu. Hizi hutoa umeme wa mawimbi yenye pembe badala ya mawimbi laini, na transfoma za vikuza sauti huanza kuvuma. Dawa yake ni inveta ya mawimbi laini, wala si kisafishaji cha ziada.

Ya tatu ni mvumo unaotokea vyombo viwili vilivyounganishwa vinapotumia soketi tofauti zenye nyaya za ardhi. Mara nyingi hutoweka vyombo vyote vikitumia soketi moja. Ni hatari kukata waya wa ardhi ili kuuondoa mvumo huo, kwani waya huo hulinda uhai.

Kuhusu umeme unaopanda ghafla, kizuizi chake kina thamani kubwa kwa kuwa hukinga chombo kisiungue. Lakini kukinga chombo si kuboresha sauti.

Ipo njia ya kubaini ukweli bila gharama. Ikiwa redio yako hukubali betri, chomoa waya wa umeme kisha usikilize kituo kilekile mahali palepale. Kelele zikikoma, asili yake ni umeme. Zikibaki, zima inveta na vifaa vya kuchajia vilivyo karibu, kwani hivi huvuruga mawimbi ya redio hewani. Zikizidi kubaki, tatizo ni antena, umbali wa kituo au spika, na hakuna kisafisha umeme kitakachoziondoa.

Kwa nyumba inayotumia sola, suluhisho rahisi zaidi ni redio ya volti 12 inayounganishwa moja kwa moja na betri. Umeme wa betri hauna mizunguko ya kusababisha mvumo, na inveta haihitajiki. Fedha zitakazosalia zitumike kununulia spika bora, kwani hapo ndipo sikio hutambua tofauti upesi.