Uhuru Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Akirudi kutoka bahari kuu, alama yake ya kuijua njia ya nyumbani ilikuwa yale majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu mirefu kama korongo. Nami niliyaona tangu utotoni, nikasoma fizikia hadi chuo, wala hakuna mwalimu aliyenieleza yana kazi gani. Siku niliyoanza kufundisha niliapa kwamba wanafunzi wangu watayajua.

Yaliletwa na Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio, na mwaka 1967 wakarusha hapo setilaiti yao San Marco 2. Kwa nini waje mbali hivyo? Jibu siliandiki ubaoni. Nawatoa wanafunzi kumi uwanjani, washikane mikono kwa mstari, wa kwanza aishike nguzo ya bendera, kisha wazunguke bila kuukata mstari. Aliye nguzoni anageuka papo hapo. Wa mwisho anatimua mbio mpaka viatu vinamvuka.

"Mwalimu, huyu anaonewa!"

Somo limeshaingia. Nguzo ni mhimili wa dunia. Mtu wa Oslo yuko katikati ya mstari: dunia inamzungusha kwa kilomita 835 hivi kwa saa. Mtu wa Ngomeni, karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, yuko mwisho kabisa, anakwenda karibu 1,670. Roketi ikielekezwa mashariki, kasi hiyo inaipata bure kabla haijawashwa. Na mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu. Vipande vilivyomaliza kuungua vinaangukia majini, si juu ya paa la mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout ilipaa hapo na setilaiti ya Wamarekani. Wakaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Eksirei hizo hazifiki ardhini, hewa inazizuia, na ni heri yetu. Anayezitaka hana budi kupanda juu ya hewa.

Kati ya vitu ilivyovichunguza kimo kimoja ambacho sichoki kukifundisha: Cygnus X-1. Eksirei zake zilikuwa zikipwita mara kadhaa kwa sekunde. Hapo nawauliza wanafunzi: kitu kinachopwita haraka hivyo kinaweza kuwa kikubwa kiasi gani? Nuru, ambayo hakuna kinachoishinda mbio, hukata kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikibadilika chote ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, upana wake hauwezi kuzidi kilomita 30,000, kwa sababu habari haiwezi kuvuka upande hadi upande kwa muda mfupi zaidi. Jua letu lina upana wa kilomita milioni 1.4. Baadaye ikaonekana kwamba kitu hicho kidogo kinazungukana na nyota kubwa, na uzito wake unalipita jua mara nyingi. Ni shimo jeusi. Mtoto wa miaka kumi na saba anaifanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi, na nimewaona wakikaa kimya baada ya kuimaliza.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwalimu mwenzangu wa Malindi, Magarini, Lamu: usianzie Marekani. Wapeleke wanafunzi wako ufukweni Ngomeni asubuhi, uwaelekeze mashariki, uwaonyeshe pale zilipotokea roketi 9 zilizobeba setilaiti, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988.