Kipande: Neno na Historia Yake

Wanafunzi wetu hapa Uganda wakisikia kipande hufikiria kipande cha muwa au cha nguo. Kwa majirani zetu Wakenya, neno hilo lina historia chungu.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba cheti chenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuacha. Aliyeondoka bila saini yake alihesabiwa mtoro na kushtakiwa.

Sheria hiyo haikupanga kiwango chochote cha mshahara, lakini kwa maoni yangu iliushusha kuliko amri yoyote. Mwajiri mpya alisoma malipo ya zamani. Aongeze ya nini? Tena malipo yalikadiriwa kwa mtu mmoja, ati mke na watoto watakula shambani kijijini. Kwa hiyo Nairobi mfanyakazi alipata kitanda, si nyumba. Huko Pumwani wapangaji walibanana chumba kimoja.

Harry Thuku alipinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Jina la zamani halikutoka: hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho chao kipande.