Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake: Funzo la Kenneth Lay na Enron

Kila mara mfanyabiashara mashuhuri anapotoa tamko juu ya hali ya kampuni yake, swali hurudi lile lile: je, umma umwamini? Wapo wanaoamini kwamba aliyejenga utajiri mkubwa hana haja ya kudanganya. Wapo pia wanaoshikilia kwamba kila tajiri ni mwongo. Majibu yote mawili yanatuondolea kazi ya kuchunguza, na historia inatuonyesha gharama yake.

Tarehe 26 Septemba 2001, Kenneth Lay, mwenyekiti na mtendaji mkuu wa kampuni ya nishati ya Enron mjini Houston, Marekani, aliyajibu maswali ya wafanyakazi wake kwa njia ya intaneti. Bei ya hisa ya kampuni, iliyofikia takriban dola 90 mwezi Agosti 2000, ilikuwa imeshuka chini ya dola 30. Lay aliwaambia kwamba kwa bei hiyo hisa zilikuwa rahisi mno, kwamba robo ya tatu ya mwaka ilielekea kuwa nzuri, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akizinunua.

Wasimwamini kwa nini? Jarida la Fortune lilikuwa limeitaja Enron kwa miaka sita mfululizo kuwa kampuni bunifu kuliko zote nchini humo. Hesabu zake ziliidhinishwa na Arthur Andersen, mojawapo ya makampuni matano makubwa ya ukaguzi duniani. Na wafanyakazi walikuwa na sababu nyingine ya kutaka kuamini: zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa katika mpango wao wa akiba ya uzeeni ilikuwa hisa za Enron. Kumtilia shaka Lay kulikuwa kuutilia shaka uzee wao wenyewe.

Hawakujua kwamba mwezi Agosti Sherron Watkins, mmoja wa makamu wa rais wa kampuni, alikuwa amemwandikia Lay kumwonya kwamba mbinu za kihesabu zilizotumika zingeweza kuiangusha kampuni. Lay aliikabidhi kazi ya kuchunguza onyo hilo kwa mawakili ambao tayari walikuwa wakiihudumia Enron. Wala hawakujua kwamba, kama waendesha mashtaka walivyoeleza baadaye, katika miezi ile miwili alinunua hisa za dola milioni 4 hivi, huku akiirudishia kampuni hisa za dola milioni 24 hivi. Yeye alijitetea kwamba aliuza ili alipe madeni.

Siku 20 baada ya majibu yale, Enron ilitangaza hasara ya dola milioni 618. Tarehe 2 Desemba iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi, hisa zake zikiwa chini ya dola moja. Maelfu ya watu walipoteza ajira na akiba kwa pamoja. Mwezi Mei 2006 baraza la mahakama lilimtia Lay hatiani kwa ulaghai. Alifariki mwezi Julai kabla ya rufaa, na kwa mujibu wa sheria hukumu ikafutwa.

Tuangalie kwa makini kauli ile ya kununua hisa. Kwamba alinunua ni kweli. Kilichopotosha ni kile kilichoachwa nje ya sentensi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kiongozi wa biashara anasema uongo. Tuulize: anapata nini tukimwamini? Nani asiyelipwa naye amethibitisha maneno yake? Na je, mtu wa ndani mwenye taarifa tofauti anaweza kuisema bila kupoteza mkate wake? Katika Enron, mkaguzi alilipwa na mkaguliwa, mawakili walilipwa na mchunguzwa, na onyo la Watkins lilibaki ndani ya kuta za kampuni.

Marekani haikujibu kwa kuwahimiza wananchi wawe na imani zaidi au pungufu. Mwaka 2002 ilitunga sheria ya Sarbanes-Oxley, inayomtaka mtendaji mkuu athibitishe kwa saini yake hesabu za kampuni na kubeba jinai ya uthibitisho wa uongo, na inayowapa ulinzi wafanyakazi wanaofichua ulaghai. Tanzania nayo ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Lakini sheria haijisomi wala haijitekelezi.

Mwanafunzi, jifunze kusoma mizania ya hesabu kabla ya kusoma wasifu wa tajiri. Mwanaharakati, dai nyaraka, kwani hotuba pekee haikaguliki. Nawe mtumishi wa umma unayewekewa mezani mkataba pamoja na ahadi tamu, kumbuka kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Si dhambi kwake kuivuta. Dhambi ni yetu sisi tuliokabidhiwa upande wa pili wa ngozi, tukauachia.