Damu ya Kyamulibwa na kipimo cha miezi mitatu

Sisi wa Kagera tuliujua Ukimwi kabla haujaitwa Ukimwi. Tuliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizoletwa na wachuuzi wa mpakani. Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, waliuita Slim. Nautaja kwa sababu bila ugonjwa ule nisingekuwa na la kuandika hapa kuhusu sukari.

Kyamulibwa, upande wa Masaka, ni nchi ya migomba na kahawa kama kwetu. Mwaka 1989 watafiti wa Uganda na Uingereza, wenye makao yao Entebbe, walianza kupita huko nyumba kwa nyumba, vijiji 15 kwanza, baadaye 25. Walirudi mwaka hadi mwaka na maswali yale yale: nani yumo humu ndani, nani kazaliwa, nani kazikwa, huyu ni mtoto wa nani. Kisha wanachukua damu. Walikuwa wanafuata virusi tu. Lakini daftari linaloujua ukoo wa kijiji kizima kwa miaka ishirini ni mali, na makarani walioliandika wanastahili heko kuliko sisi wa darubini.

Baadaye walikuja na mashine ya presha na mizani, wakapima pia mafuta na sukari. Matokeo ya jenomu zilizosomwa kutoka damu hiyo, za watu wapatao 6,400, yalichapishwa 2019, mwaka ambao hesabu nyingine ilionyesha kuwa asilimia 78 ya watu waliochunguzwa jeni kwa ajili ya magonjwa duniani wana asili ya Ulaya, na Waafrika ni asilimia 2 hivi. Kuhusu urefu wa mtu, kwa mfano, Kyamulibwa ilionyesha kwamba jeni zina sauti ndogo kuliko Ulaya. Lishe inashukiwa, na hilo halikunishangaza.

Kilichonishtua ni sukari. Kipimo tunachokiita cha miezi mitatu husoma sukari iliyong'ang'ania himoglobini, na chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikifa mapema, haipati muda wa kukusanya sukari, na namba inatoka ndogo. Sasa Kyamulibwa ilionyesha kuwa wenye alfa-thalasemia, urithi unaokinga dhidi ya malaria kali, kipimo hicho huwasoma tofauti na wenzao. Jamii za Ulaya kaskazini zisingeonyesha hivyo, kwa kuwa urithi huo kwao ni nadra.

Selimundu nayo hushusha namba hiyo hata kwa aliyerithi jeni moja tu na wala haumwi. Jeni hiyo tunayo tele. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha 1954 kuwa inakinga dhidi ya malaria, ndiyo maana imejaa pwani na kandokando ya ziwa letu kuliko nyanda za juu.

Nilikutana nayo kwa mzee mmoja mvuvi. Sukari yake ya asubuhi kabla hajala ilikuwa juu, 8.4, wiki iliyofuata 8.1. Cha miezi mitatu: 5.9. Hospitali moja kubwa ilishamrudisha nyumbani kwa namba hiyo ya mwisho, na ushauri wa kupunguza sukari kwenye chai.

“Mwanangu,” aliniuliza, “ninaumwa au siumwi?”

Nilichukua tone kutoka chupa ile ile ya damu ya kipimo cha miezi mitatu, yenye kifuniko cha zambarau, nikalichanganya na dawa kwenye kioo, nikalifunika na kusubiri. Chembe zilijikunja. Alikuwa na jeni ya selimundu, miaka sabini bila kujua.

Kwa kipimo cha miezi mitatu, fomu yetu bado inaanza kuhesabu kisukari kwenye 6.5 kwa kila mtu, na haina mahali pa kuandika selimundu. Mimi huandika pembeni, kisha namwomba daktari asiamue kwa namba hiyo peke yake: apime sukari ya asubuhi, mgonjwa hajala, siku mbili tofauti. Wengine hukubali. Wengine huniuliza nimesomea wapi udaktari.